Mume wa Fundi na Kitambaa cha Meza ya Pasi

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mume wa Fundi, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulitumia. Ukimpigia simu, anapokea: "Naam, Mume wa Fundi hapa." Fundi ni mkewe, mshonaji ambaye watu hutoka mitaa minne mbali kuja kupimwa naye. Mume alikuwa na jina lake pia, tena zuri, lakini lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye ile barua ya kiwanda cha mablanketi iliyomshukuru kwa miaka kumi na tisa ya kazi stoo na kumwomba asije tena kuanzia Jumatatu.

Baada ya barua ile, wenzake wengine walifungua vibanda, wengine wakafuga kuku. Yeye akaamua kuwa msanii. Haya, nani wa kumzuia? Alikuwa ameshinda ujana wake wote kati ya marobota ya nyuzi, mikono inajua pamba hata gizani, akajiambia kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukosa kipaji. Kipaji chenyewe bado kinatafutwa, husema hivyo mwenyewe bila kuulizwa, lakini bidii, jamani, bidii alikuwa nayo.

Wanaishi vyumba vitatu juu ya duka la rangi za nyumba. Chumba cha mbele ndicho cha kazi, na kimegawanywa kwa pazia. Upande wa dirishani ni wa Fundi: cherehani mbili, meza ndefu ya pasi, kamba ya nguo zilizokwisha. Upande wa ukutani ni wa msanii. Huko kuna gunia la mabaki ya vitambaa, waya, mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande, mfuko wa vifungo visivyo na wenzake, makopo ya gundi, na kiti kimoja kisichokalika kwa sababu kuna kazi inayokauka juu yake tangu mwaka juzi. Yeye huita pale "karakana yangu ya sanaa". Fundi huita "kule nyuma".

Kazi yake ni hivi. Anachukua nguo kuukuu, anaiviringisha na misumari yenye kutu, anaimwagia siki, anaiacha siku tatu mpaka kutu iingie kwenye nyuzi. Halafu anaikata, anaishonea juu ya gunia, anapitisha waya, anabandika mpira, anapaka rangi, anarudi kuibandua. Ukimuuliza inafanana na nini, atakwambia haifanani, na hapo ndipo penyewe. Safari ya kwanza alichemshia misumari kwenye sufuria ya wali, na nyumba ikala wali wenye ladha ya geti wiki nzima. Safari ya pili alisikia kwamba kitambaa kikizikwa ardhini kinapata umri. Akazika shuka nyuma ya nyumba, mbwa wa jirani akalifukua, na umri wote ukaishia mdomoni mwa mbwa. "Mpaka leo," husema, "yule ndiye aliyeichangamkia kazi yangu kuliko wote."

Tena alikuwa na daftari la msukumo. Asubuhi anavaa kofia, anatoka kuutafuta huo msukumo jalalani, kwenye kuta zinazobambuka, gereji kutazama mafuta yalivyomwagika sakafuni. Anarudi alasiri miguu inawaka moto, Fundi amekwisha kushona magauni mawili.

"Umeupata?" Fundi anauliza bila kuinua macho.

"Leo ulikuwa mbali kidogo."

"Pole. Basi nishikie pindo hili."

Na msanii anashika pindo.

Tumcheke, sawa, anaruhusu. Lakini kuna kitu kimoja alikitaka kwa roho yake yote, na alikitaka kiasi cha kuona haya: siku moja, mtu asiyemjua asimame mbele ya kazi ya mikono yake, anyamaze. Hakutaka zaidi ya hapo. Mwaka wa sita ulikuwa unaisha, na mtu huyo hajatokea.

Ikawa mteja mmoja wa Fundi alikuwa anafanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho mjini. Mteja huyo, kwa huruma au kwa kutaka sketi yake iishe mapema, akamtaja kwa mkuu wa ukumbi. Mkuu akaja Jumatano mchana, mwanamke wa makamo, viatu bapa, miwani imening'inia kifuani. Fundi alikuwa ametoka kununua zipu.

Msanii alikuwa amejiandaa. Alivaa shati lenye madoa ya rangi, madoa mengine ameyaongeza asubuhi ile kwa brashi. Akafungua pazia, akatoa kazi moja baada ya nyingine. Kulikuwa na *Kilio cha Chuma*. Kulikuwa na *Nafsi Iliyokunjwa Namba Tatu*. Namba Moja na Mbili zilikuwa zimeliwa na panya. Mgeni alitazama kila moja kwa adabu, akasema, "Inavutia." Akasema tena, "Inavutia." Mara ya nne msanii akajua kwamba mambo yamekwenda mrama, maana hata yeye, wakati wa kiwanda, ndivyo alivyokuwa akiwaambia mawakala wa nyuzi mbovu.

"Nitachukua hizi tatu," mgeni akasema mwishowe. "Tuna nafasi kwenye korido." Akageuka kuchukua mkoba wake aliokuwa ameuweka juu ya meza ya pasi. Akauinua. Akasimama.

Hapo ni lazima nieleze kitambaa cha meza ile. Kilikuwa shuka nene lililokunjwa mara mbili na kupigiliwa vimisumari ubavuni mwa meza, na kilikuwa pale miaka ishirini na sita. Kila pasi ilipokiunguza, Fundi alishonea kiraka cha chochote kilichokuwa karibu, kipande cha sare ya shule, cha gauni la harusi, cha suruali ya askari, kwa mishono midogo midogo, akaendelea na kazi. Na kwa kuwa daftari la vipimo halikuonekana kamwe pale mteja aliposimama, aliandika vipimo papo hapo juu ya kitambaa kwa kalamu ya wino: Mrefu wa Zahanati, kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, nyonga arobaini. Mama Mapacha. Bibi Harusi wa Ghorofani. Mteja akinenepa, Fundi anakata kwa mstari, anaandika upya pembeni. Viraka viliziba maandishi, maandishi yakapanda juu ya viraka, moto ukapita juu ya vyote.

Mgeni alivaa miwani yake. Akainama. Akafuata mstari mmoja kwa kidole bila kugusa, kutoka ukingo mpaka ukingo. Msanii alikuwa anahesabu moyoni, si kwa makusudi, na alifika sitini na mbili kabla mwanamke yule hajafumbua mdomo.

"Na hii?" akauliza polepole.

Sasa, kulikuwa na jibu la maneno matano. Lilikuwa mdomoni tayari. Msanii akameza mate, na jibu likaenda nayo.

"Hiyo," akasema, "sijaimaliza."

"Umeanza lini?"

"Miaka mingi. Inakwenda na inarudi."

"Ina jina?"

"*Miili Iliyopita*," akasema Mume wa Fundi, mjinga wa kutupwa, na jina likatoka laini kabisa, kana kwamba lilikuwa limelala ulimini likimsubiri.

Nusu saa baadaye alikuwa amepiga magoti anang'oa vimisumari kwa ncha ya mkasi wa mkewe, mkasi ambao hata karatasi hauruhusiwi kukata.

Fundi aliporudi alikuta meza imetandikwa blanketi. Aliweka zipu chini.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Nimekipeleka kikafuliwe," mumewe akasema. Mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kufua hata leso, amepeleka kitambaa cha pasi kikafuliwe. Aliusikia uongo wake ukianguka sakafuni.

Fundi akakaa. "Kufuliwa? Na vipimo vya wauguzi? Nina wauguzi kumi na wawili mle, nimewapima juzi, sare zao zinatakiwa Jumanne. Wamesafiri kwenda mafunzoni, siwezi kuwaita tena." Hakupaza sauti. Sauti yake ilishuka tu, na mumewe aliijua sauti hiyo, angependa zaidi kupigwa na pasi.

Akaona ajikaze, akasema nusu ya kweli. Kwamba hakikufuliwa. Kwamba mkuu wa ukumbi amekipenda, amekiazima kwa maonyesho, yanafunguliwa Jumamosi saa nane.

"Amekipenda kitambaa cha pasi?"

"Sana."

Fundi akamtazama kwa muda. "Watu wana nafasi," akasema. "Basi Jumamosi nitakuja na daftari nikanakili vipimo vyangu. Siwezi kupoteza wateja kwa sababu ya mapenzi ya watu."

Ile nusu nyingine, kwamba kitambaa kimeondoka nyumbani kikiwa kazi ya mikono ya mumewe, ilibaki kooni. Alijiambia atarekebisha kabla ya Jumamosi. Angeenda ukumbini, angezungumza na mkuu kiungwana, wangebadilisha kibandiko, yangekwisha. Jambo dogo.

Ijumaa alikwenda kweli. Mlinzi wa mlangoni alimtazama kichwani mpaka miguuni, kisha akauliza, "Wewe ndiye msanii?" Akasema ndiyo, kwa mazoea. Mlinzi akasimama. Jamani, mtu mzima mwenye sare alisimama kwa ajili yake. Ndani, kitambaa kilikuwa kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mkubwa mweupe, kimemulikwa na taa tatu. Pembeni kulikuwa na kibandiko chenye jina lake kamili, lile la cheti cha kuzaliwa, na chini yake maelezo: kwamba msanii huyu, kwa miaka mingi, kwa uvumilivu usio wa kawaida, amesikiliza miili ya jirani zake. Vijana wawili waliokuwa wanafunga nyaya walikuwa wameacha nyaya wanasoma. Walikuwa wamenyamaza.

Alisimama nyuma yao. Alisoma jina lake mara tatu. Halafu akaenda kuzitafuta kazi zake halisi, akazikuta kwenye korido ya kwenda chooni, *Kilio cha Chuma* kikiwa jirani kabisa na mashine ya kukaushia mikono. Mtu akikausha mikono, kile kilio kinapepea. Hakuzungumza na mkuu wala na mtu yeyote. Alirudi nyumbani kwa miguu njia nzima, akijitukana kwa ufundi mkubwa, na alipofika mkewe alimuuliza kama kitambaa kimetundikwa vizuri. Akajibu kwamba kimetundikwa vizuri sana.

Usiku hakulala vizuri, sitaki kueleza zaidi.

Jumamosi saa nane ukumbi ulijaa. Msanii alisimama karibu na nguzo, ameshika glasi ya juisi asiyoinywa, watu wanakuja wanampa mkono. Mwalimu mmoja wa chuo alimwambia kwamba amelia. Mwingine alitaka kujua kama namba zile ni za kweli au za kiroho. "Kidogo kidogo," msanii akajibu, Mungu amsamehe.

Saa nane na nusu Fundi akaingia. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, pini bado zimechomekwa kifuani, futi ya kupimia shingoni, daftari na penseli mkononi. Alimpungia mumewe, akapita katikati ya watu mpaka kwenye ukuta mweupe, akavaa miwani, akafungua daftari, akaanza kunakili.

Mumewe alimtazama kutoka kwenye nguzo. Kibandiko kilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiwiko cha mkewe, maandishi makubwa, na yule mwanamke hakukigeuzia hata jicho. Alilowesha kidole, akafunua ukurasa, akaendelea. Dakika zikapita. Na taratibu msanii akaelewa kwamba hatakisoma. Alikuja kwa ajili ya vipimo. Akivimaliza atafunga daftari na kurudi kwenye cherehani, na hakuna mtu duniani atakayejua. Alihisi nafuu, na siku zote akifika hapo katika kusimulia, husema kwamba hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, kuliko hata uongo wenyewe. Kwamba alifurahi.

Mstari mmoja ulikuwa umefunikwa na ukingo wa kiraka. Fundi akanyoosha mkono, akakiinua kwa ukucha ili aone namba.

"Mama, tafadhali," akasema kijana mmoja wa ukumbini, kwa upole kabisa, akamshika kiwiko. "Usiguse kazi ya msanii."

Fundi akarudisha mkono haraka. "Samahani," akasema. "Samahani, mwanangu." Akauficha ule mkono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari, na akajaribu kuisoma namba kwa mbali.

Mumewe hakumbuki alivyovuka ukumbi. Juisi ilimwagika njiani kwenye viatu vya mwalimu wa chuo.

"Mwache aguse," akasema, na kwa kuwa sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, watu wakageuka. "Ni chake. Mimi sijashona hata uzi mmoja hapo. Hicho ni kitambaa cha meza ya pasi cha mke wangu, yeye ndiye aliyekitengeneza, kila kiraka, kila namba, nami nilikuwa nyuma ya pazia nachemsha misumari. Bibie huyu aliponiuliza, nilidanganya. Hata hilo jina nililitunga palepale. Kazi zangu mimi ni zile za karibu na choo."

Mtu mmoja akacheka, akadhani ni sehemu ya maonyesho. Wengine wakampigia makofi kidogo, kisha wakaacha. Mkuu wa ukumbi alikuja kutoka upande wa pili, uso umekakamaa, akamtazama msanii kwa namna ambayo bado anaikumbuka akiwa ananyoa ndevu. Kisha mkuu akamgeukia Fundi.

"Ni kweli, mama?"

Fundi alikuwa anasoma kibandiko sasa. Alikisoma taratibu mpaka mwisho, midomo ikicheza.

"*Miili Iliyopita*," akasema. "Iliyopita wapi? Hawa wote wazima. Huyu hapa nimemwona jana sokoni."

Mkuu akamwomba aeleze, na Fundi, ambaye kwa kawaida hana maneno mengi, akaeleza. Huyu alikuja mwembamba, akaolewa, ndio huu mstari. Huyu aliugua, ona kiuno kilivyoshuka, hapa akapona. Hawa ni mtu na dada yake, wamegombana, hawataki kupimwa siku moja, kwa hiyo mmoja nimemwandika huku na mwingine kule. Watu walisogea. Kijana aliyemshika kiwiko akaleta kiti. Mwishowe mkuu akaomba kitambaa kibaki mwezi mzima, kwa jina la mwenyewe. Fundi akafikiri, akafunga daftari, akasema kibaki, wauguzi ameshawapata, lakini waandike "Fundi" tu, hilo linatosha.

Mumewe alikuwa amesimama kando muda wote huo. Watu walipotawanyika, mkewe akaja akasimama ubavuni mwake, wote wawili wanatazama ukutani.

"Umekasirika," mume akasema.

"Nimekasirika sana. Lakini nitakasirika nyumbani, hapa kuna watu." Akavua miwani. "Miaka ishirini na sita tumekaa chumba kimoja na kitambaa hiki. Wewe unatoka kila siku kutafuta vitu vya kutazama."

Mumewe akasogea karibu, kwa sababu ya aibu na kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anakitazama. Alianza juu kushoto, akateremka mstari kwa mstari. Mtaa mzima ulikuwemo. Mwenye duka la rangi alikuwemo, yule mwenye mbwa alikuwemo, mpaka wakala wa nyuzi mbovu wa kule kiwandani, kifua arobaini na nne. Akafika chini. Akarudi juu, akaanza tena. Alitafuta kwenye viraka na pembeni mwa viraka, akajua anastahili kujikosa, na bado akatafuta.

"Mimi simo," akasema.

"Humo."

"Umeandika hata wakala."

Fundi alikuwa anachomoa pini kifuani moja moja na kuzichomeka kwenye jalada la daftari. Alimtazama mumewe kwa mshangao wa kweli, wa mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakikuwahi kumpitia akilini.

"Wewe nikuandike wa nini?" akasema. "Suruali zako nakata bila futi."